Inkscape na Hazina za Alama: Tathmini ya Kuchora Pwani ya Mikoko na Mitandao ya Kompyuta

Kwa mtu ambaye kazi yake humdai leo achore pwani yenye mikoko kwa ajili ya kamati ya wavuvi, na wiki inayofuata achore mtandao wa kompyuta wa shule ya sekondari, programu ya kuchorea ya Inkscape, ikitumiwa pamoja na hazina za alama, yaani michoro midogo iliyo tayari kutumiwa, zinazopatikana bure kwenye intaneti, ni meza ya kazi ambayo sijaona mfano wake miongoni mwa programu zisizolipiwa. Hata hivyo sifa hiyo haigawanyiki sawasawa. Katika kuchora mandhari, programu hii inastahili kusifiwa karibu bila masharti. Katika kuchora mitandao, ina udhaifu mmoja mkubwa ambao hauna budi kuelezwa waziwazi, kwa kuwa anayeujua mapema ataokoa saa nyingi za kazi. Nimeitumia kwa kazi zote mbili, na kipimo nilichokishika katika tathmini hii ni kimoja: je, alama niliyoiweka mahali pamoja itabaki na maana ileile kila inapojitokeza tena katika mchoro, na nikitaka kuibadilisha, nitaibadilisha mara moja au mara mia?

Inkscape ilianza mwaka 2003, kundi la waandaaji wa programu lilipojitenga na mradi wa Sodipodi, programu ya kuchorea iliyoitangulia. Toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2020, na toleo la 1.4, ambalo ndilo ninalolitumia, lilitoka Oktoba 2024. Hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, haihitaji intaneti baada ya kusakinishwa, na huhifadhi kazi katika muundo wa SVG, ambao W3C, shirika la viwango vya wavuti, liliupitisha kuwa kiwango rasmi mwaka 2001. Faili ya SVG ni maandishi yanayoeleza mistari, mikunjo na rangi. Haibebi pikseli moja moja kama picha ya kamera. Tofauti hiyo huonekana mara tu mchoro unapotakiwa kuwa mkubwa. Bango la ukubwa wa A0, likitayarishwa kwa pikseli 300 katika kila inchi, huhitaji takriban pikseli milioni 139, na kompyuta ya mitumba yenye kumbukumbu ya GB 4 hulemewa na mzigo huo kabla kazi haijafika nusu. Mchoro wa vekta, yaani huu wa mistari inayoelezwa kwa maandishi, hauna mzigo wa namna hiyo: uleule uliowekwa katika ukurasa wa daftari hupanuliwa hadi ukutani, na kingo zake hubaki kali.

Thamani kubwa zaidi ya SVG, kwa maoni yangu, imo katika jambo ambalo watumiaji wengi hawalifikii. Ndani ya muundo huo umbo linaweza kufafanuliwa mara moja kuwa alama, kisha likaitwa mara nyingi kadiri mchoraji atakavyo, na kila mwito ukabeba mahali pake, ukubwa wake na mwelekeo wake bila kurudia maelezo ya umbo lenyewe. Inkscape imelifanya jambo hili kuwa rahisi. Ukibonyeza Shift, Ctrl na Y hufunguka dirisha la alama, lenye seti zilizo tayari za alama za ramani, za saketi za mantiki na za chati za mtiririko. Unaivuta alama kwa kipanya hadi kwenye ukurasa, na kinachowekwa pale ni nakala pacha inayoendelea kuitegemea asili yake. Ukiihariri asili, pacha zote hubadilika papo hapo. Mchoro wenye miti 300 iliyowekwa kwa njia hii huhifadhi umbo la mti mmoja tu, na faili hubaki ndogo kiasi cha kutumwa kwa simu.

Kuna ustadi mmoja katika utaratibu huu ambao ningependa kila mchoraji aujue. Kwa kawaida pacha hurithi rangi ya asili yake na haikubali rangi nyingine. Lakini ikiwa katika asili utaiacha sehemu fulani bila rangi yoyote kuwekwa, kwa kubonyeza kitufe chenye alama ya kuuliza katika dirisha la rangi, sehemu hiyo itakubali rangi ya kila pacha peke yake. Hivyo mti mmoja unaweza kuwa na shina lenye rangi isiyobadilika, huku majani yakiwa ya kijani kibichi mbele, ya kijivu mbali, na ya kahawia pale ambapo miti imekauka. Kwa anayechora uharibifu na urejeshaji wa msitu, huo ni uwezo mkubwa, kwa sababu msomaji huona mti uleule katika hali mbili na hafikirii kwamba ni aina mbili za miti.

Hazina ya alama inayostahili kutajwa kwanza kwa kazi ya mandhari ni ile ya Integration and Application Network, ambayo kwa kifupi huitwa IAN, iliyo chini ya kituo cha sayansi ya mazingira cha Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani. Kundi hilo limejijengea jina kwa michoro ya kueleza hali ya ghuba ya Chesapeake, na hazina yake ina zaidi ya alama 2,500 za vekta: wanyama, mimea, aina za udongo, mawimbi, mashamba, viwanda, mabomba ya majitaka, hata mishale inayoonyesha mwendo wa virutubisho majini. Zinapatikana katika SVG, kwa hiyo Inkscape huzifungua bila kigugumizi. Kinachonivutia zaidi ya wingi wake ni kwamba alama hizo zinafanana mkono. Mwanga huangukia vitu kwa namna inayolingana, rangi zimepimwa zisipigane, na kasa akiwekwa karibu na nyasi za baharini huonekana wameishi pamoja siku zote. Katika mandhari, ulinganifu huo una uzito kuliko ufundi wa alama moja moja, kwa kuwa jicho la msomaji likikuta samaki aliyetiwa kivuli kwa ustadi kando ya mti uliochorwa kwa mistari mitupu, huanza kujiuliza tofauti hiyo inaashiria nini, ilhali haiashirii kitu.

Nitaeleza mfano wa mchoro wa sehemu ya pwani iliyokatwa ubavuni, kutoka bahari hadi nchi kavu, kwa kuwa ndio unaoitaabisha hazina yoyote ya alama na kuonyesha nguvu zake. Pwani yetu ina mpangilio unaojulikana: upande wa bahari husimama mlilana, nyuma yake mkoko wenyewe, kisha msinzi, ambao wengine huuita muia, na mkandaa, na karibu na nchi kavu mchu, ingawa mchu huweza pia kuonekana upande wa baharini. Miti hii hutofautishwa kwa mizizi yake kuliko kwa majani. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Mchu huzungukwa na tope lililojaa vijiti vyembamba vilivyosimama wima. Mlilana huwa na vijiti vinene vyenye ncha iliyochongoka. Msinzi hukunja mizizi yake ikawa mfano wa magoti. Mvuvi anayeingia katika mikoko kila siku huitambua miti hiyo kwa macho ya haraka, na mchoro ukimwonyesha mti wa aina moja uliorudiwa kutoka maji hadi shamba la minazi, ataacha kuuamini kabla hajafikishiwa ujumbe wake.

Kwa hiyo alama ya mkoko ya jumla haitoshi. Hazina ya IAN ina mikoko, na ile yenye mizizi ya kupinda imechorwa vizuri sana, lakini kwa mchoro wa Rufiji au wa Gazi ilinibidi nichukue matawi, nibadilishe mizizi, na kuhifadhi matokeo kuwa alama mpya, moja kwa kila aina ya mti. Hapa Inkscape ilinifaa kupita nilivyotazamia. Unachora umbo, unalifunga pamoja kuwa kundi, unalipa jina, unaligeuza kuwa alama katika lile dirisha nililolitaja, kisha unaihifadhi faili hiyo katika folda ya alama iliyo ndani ya mipangilio yako binafsi ya programu. Tangu hapo seti yako huorodheshwa pamoja na zile zilizokuja na programu, na kila faili mpya utakayoifungua itakuwa nayo. Nimeweka humo pia ngalawa yenye mbao zake mbili za pembeni na tanga la pembetatu, dema la kusukwa, chanja cha kukaushia dagaa, na tanuru la chokaa, kwa sababu vitu hivyo ndivyo vinavyoitambulisha pwani yetu, na aliye Maryland hakuwa na sababu ya kuvichora.

Kuijaza mandhari kwa mimea ni kazi ya kifaa cha kunyunyizia, ambacho kwa mtazamo wangu ndicho kinachoitenga Inkscape na programu nyingi za michoro ya kitaalamu. Unachagua alama, unashika kifaa, unapitisha kipanya juu ya ardhi, na pacha za alama hiyo hutawanyika zikiwa na tofauti za ukubwa na mwelekeo kwa kiwango ulichokipanga. Nyasi za baharini, kokoto, vijiti vya mchu katika tope na majani ya ukoka hupatikana kwa dakika chache. Mwelekeo, hata hivyo, ni wa kuwekewa mipaka mikali, kwani mti ulioinama nyuzi 30 huonekana umeangushwa na dhoruba. Wingi nao una maana yake: mahali palipojazwa sana msomaji atasoma msitu mnene, na palipotawanyika atasoma ukataji. Mchoraji anapaswa kunyunyiza kwa kutazama hali halisi ya eneo, asije akajaza tu nafasi iliyobaki wazi.

Mgogoro mgumu zaidi wa mchoro wa namna hii ni vipimo, na hakuna hazina ya alama inayoutatua kwa niaba ya mchoraji. Tuseme ukanda unaochorwa una upana wa mita 800 na karatasi ni ya A1, yenye upana wa milimita 841. Milimita moja itasimama badala ya karibu mita moja. Tofauti ya maji kupwa na maji kujaa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, katika pwani yetu ni takriban mita 3 hadi 4, kwa hiyo jambo lenyewe linalopanga maisha ya mikoko, yaani kina cha maji, litapata milimita 4 tu katika mchoro. Hakuna atakayeliona. Mchoraji hulazimika kukuza vipimo vya wima mara kumi au zaidi, lakini akiikuza na miti kwa kiasi hicho, itarefuka na kukonda hadi iwe kama nguzo za umeme. Suluhisho ninalolishika ni kukuza ardhi na viwango vya maji peke yake, kuiacha miti katika umbo lake la asili, na kuandika wazi pembeni kwamba miti haikuchorwa kwa vipimo vya ardhi. Inkscape hurahisisha jambo hili kwa kuwa na matabaka yanayoweza kufungwa: ardhi na maji katika tabaka moja linalonyooshwa, miti katika jingine lisiloguswa, maandishi juu ya yote. Mistari miwili ya bluu, mmoja wa bamvua na mwingine wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapandi sana, huvutwa kutoka ukingo hadi ukingo, na papo hapo mtazamaji huelewa kwa nini mlilana unaweza kusimama mahali ambapo mkandaa hauwezi.

Openclipart, hazina kongwe ya picha za vekta iliyoanzishwa mwaka 2004, nitaigusa kwa kifupi. Kila kilichomo kimeachiwa umma bila sharti lolote, na humo utakuta karibu kila kitu, kuanzia jembe hadi satelaiti. Ubaya wake ni kwamba imechorwa na maelfu ya mikono, na hakuna alama mbili zinazolingana. Mimi huitumia kutafuta umbo la kuanzia, kisha hufuta vivuli vyake vyote na kulipaka rangi za seti yangu. Suala la leseni ni la kuzingatiwa kwa dhati hapa, kwa kuwa alama za IAN zinahitaji kutajwa kwa aliyezitengeneza, na alama mpya iliyozaliwa kutokana nazo hutolewa kwa masharti yaleyale. Mikoko yangu iliyotokana na hazina yao, basi, si yangu ya kuuza kwa masharti nipendayo, na ninaona ni haki iwe hivyo.

Mitandao ya kompyuta ni habari nyingine. Lugha ya picha katika fani hii ilikwisha kukubalika zamani: duara lenye mishale minne ni ruta, chombo kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine, boksi lenye mishale ya kwenda na kurudi ni swichi, inayounganisha kompyuta za mtandao mmoja, ukuta wa matofali ni kizuizi cha ulinzi, na wingu ni intaneti au mtandao wowote ambao mchoraji hana mamlaka juu yake. Alama hizo zilienezwa na kampuni ya Cisco, ambayo huzitoa bure kwa yeyote kuzitumia, kwa sharti moja kwamba zisibadilishwe. Sharti hilo lina faida iliyo wazi, kwani fundi wa Kisumu na fundi wa Mbeya watausoma mchoro mmoja bila kuulizana. Lakini linamaanisha pia kwamba ule ustadi wa kupaka rangi tofauti kila pacha, ambao katika mandhari niliusifu, haufai kutumiwa kwa alama hizi. Ninapotaka kuonyesha kwamba swichi fulani imeharibika au inasubiri kununuliwa, ninaizungushia fremu au kuiandikia pembeni, na alama yenyewe ninaiacha kama ilivyotoka.

Udhaifu wa Inkscape uko kwenye viunganishi. Programu ina kifaa cha kuunganisha maumbo mawili kwa mstari unaofuata pale umbo linaposogezwa, na kwa mchoro wenye vitu vitano hivi kinatosha. Tatizo ni kwamba mstari huo huelekea katikati ya umbo, na mchoraji hana namna ya kuuambia ushike kwenye tundu fulani. Swichi yenye matundu 24 ikiunganishwa hivyo, mistari yote hukusanyika katika nukta moja, na habari ambayo fundi anaitaka zaidi, yaani kebo ipi imeingia tundu lipi, hupotea. Unaweza kuchora mistari kwa mkono, lakini basi utajikuta unaivuta upya kila chombo kinaposogezwa, na mtandao wa shule husogezwa kila muhula: maabara inahamishwa, chumba cha walimu kinaongezwa, kisambazaji cha Wi-Fi kinapelekwa maktaba.

Kwa sababu hiyo michoro ya mitandao ninaifanyia diagrams.net, ambayo pia huitwa draw.io. Nayo hutumika bila malipo, na ina toleo la kusakinishwa linalofanya kazi bila intaneti. Kila umbo lina sehemu zake za kushikia, mstari hushika pale ulipouelekeza na kubaki pale, na seti za alama za mitandao, zikiwemo za Cisco, zimo tayari ndani ya programu. Mchoro wa majengo matatu wenye ruta moja, swichi nne na kompyuta za maabara hupangwa na kupanguliwa bila taabu. Unaweza pia kuingiza alama zako za SVG na kuzihifadhi kama maktaba binafsi, jambo ambalo kwetu ni la lazima, kwa kuwa mtandao wa shule nyingi za vijijini haueleweki bila paneli za sola, betri na inveta. Seti za kawaida huuchora umeme kana kwamba upo wakati wote. Anayekuja kutengeneza mtandao uliokufa anahitaji kujua ni chombo kipi kinalishwa na betri ipi kabla hajagusa kebo yoyote, na mimi huchora njia ya umeme kwa rangi ya pekee juu ya njia ya data.

Anayehamisha mchoro kutoka diagrams.net kwenda Inkscape atakutana na kikwazo kinachowashangaza wengi: maumbo hufika salama, lakini maandishi hutoweka au hubadilishwa na onyo la Kiingereza kwamba hayawezi kuonyeshwa. Chanzo chake ni kwamba diagrams.net huyaandika maandishi yake kwa namna ya kurasa za wavuti ndani ya SVG, na Inkscape haiisomi namna hiyo. Dawa ni kuyateua maandishi yote kabla ya kusafirisha, kisha kuondoa tiki kwenye mpangilio wa maandishi yenye urembo na ule wa kuvunja mistari. Baada ya hapo majina na namba za anwani hufika yakiwa kamili, ingawa maelezo marefu itabidi yavunjwe kwa mkono.

Kuna mchoro mmoja ambamo mandhari na mtandao hukutana, na hapo ndipo ninapozithamini programu hizi mbili zikifanya kazi pamoja: kiungo cha redio kati ya minara miwili. Tuseme ofisi iliyo mjini inapeleka intaneti kwa masafa ya GHz 5 hadi shule iliyo umbali wa kilomita 10, ng'ambo ya ghuba. Mteja huona mnara mmoja kutoka mwingine kwa macho na kudhani inatosha. Lakini mawimbi ya redio hayaendi kama uzi. Huhitaji nafasi yenye umbo la yai refu kati ya antena mbili, ambayo katikati ya safari hiyo ina nusu kipenyo cha karibu mita 12, na angalau asilimia 60 ya nafasi hiyo, yaani kama mita 7 kila upande wa mstari, inatakiwa kuwa wazi. Kwa umbali huo mviringo wa dunia nao hula karibu mita moja na nusu. Minazi iliyokomaa, ambayo huweza kupita mita 20, ikiwa imesimama njiani, hubadilisha hesabu yote ya urefu wa mnara.

Katika mchoro huu kanuni ya miti ambayo niliishika katika pwani ya mikoko hupinduka kabisa. Pale niliiacha miti nje ya vipimo. Hapa kila mnazi lazima uwe na urefu wake halisi kwa kipimo kilekile cha wima kinachotumika kwa ardhi na minara, hata kama utaonekana umekonda, kwa kuwa msomaji atapima kwa jicho kama kilele kinagusa lile yai au la. Inkscape hukuruhusu kuandika urefu na upana wa kila kitu kwa tarakimu, katika milimita, kwa hiyo mnazi wa mita 22 huwa milimita 22 ikiwa ndicho kipimo ulichochagua. Duaradufu ya nafasi ya mawimbi nayo huchorwa kwa vipimo hivyohivyo, ikapakwa rangi inayopitisha mwanga ili vilele vilivyoingia ndani yake vionekane. Alama za minara na ruta hutoka diagrams.net, ardhi na miti hutoka katika seti yangu, na mteja huelewa kwa nini mnara wake unatakiwa kuongezwa urefu kabla hajaanza kubishana juu ya bei.

Kuhusu uchapaji, hadi toleo hili la 1.4 Inkscape husafirisha PDF kwa rangi za skrini, si kwa wino nne za mtambo wa kuchapia, na mchapaji asiyejali huweza kukurudishia bahari iliyofifia na majani yaliyogeuka rangi ya matope, kama ilivyowahi kunitokea katika duka moja la uchapaji. Kwa mabango makubwa ninaipitisha kazi katika Scribus, programu nyingine ya bure inayozifahamu rangi za uchapaji, na ninadai kipande cha majaribio kabla ya kulipa. Maandishi yageuzwe kuwa mistari kwanza, kwa Shift, Ctrl na C, kwa kuwa fonti uliyonayo wewe huenda haipo kwa mchapaji. Ukungu na vivuli laini navyo viepukwe, maana wakati wa kusafirisha PDF hugeuzwa kuwa pikseli, na faida yote ya vekta hupotea mahali hapo.

Nakala nyingi za michoro hii, hata hivyo, hazifiki kwenye mtambo wa rangi. Hupigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, kisha nakala ya nakala hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji au ndani ya mlango wa kabati la seva. Ndiyo maana kila alama mpya ninayoiingiza katika seti ninaijaribu kwanza kwa rangi ya kijivu na kwa ukubwa wa sentimita moja na nusu. Mchu na mlilana vikibaki kutofautishwa kwa majani tu, ninarudi kwenye mizizi na kuinenepesha. Njia ya umeme na njia ya data zikifanana, moja ninaigeuza kuwa mstari wa vipande. Alama kadhaa za IAN, kwa uzuri wake wote wa rangi, hazipiti jaribio hilo bila kuongezewa mstari wa ukingo, na kazi ya kuuongeza ni ya mara moja tu, kwenye asili, ikazifikia pacha zote.